Ndama wa Masika na Mwenye Mali Aliye Mjini

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wafanyakazi wa mijini ambao, mbali ya mshahara wa mwisho wa mwezi, wanayo akiba nyingine isiyokaa benki: ng'ombe wawili au watatu waliowekwa nyumbani kwa wazazi, kwa kaka au kwa mjomba. Kama kwenu ni Ipinda, Matema au kijiji kingine chochote cha Kyela, bila shaka ng'ombe hao unawajua kwa rangi na kwa tabia zao, na kila unapopiga simu nyumbani hukosi kuwaulizia. Makala ya leo yanakuhusu, kwa sababu yanazungumzia siku ambayo mali yako itakuwa hatarini kuliko siku nyingine zote, nawe hutakuwapo. Ndiyo siku ng'ombe wako atakapozaa.

Wengi wetu tunaposikia habari za ufugaji mkubwa hufikiria ranchi za taifa kama Kongwa, Ruvu au Missenyi, ambako ng'ombe huhesabiwa kwa mamia na maelfu. Kyela mambo si hayo. Ardhi ya bondeni imeshikwa na mpunga, migomba, kakao na michikichi, na ng'ombe wengi hufugwa wachache wachache, wakifungwa kamba malishoni na kulala karibu na nyumba. Lakini uchache wao ndio unaowapa thamani. Mwenye ng'ombe mia akipoteza ndama mmoja husikitika. Mwenye ng'ombe wawili akipoteza ndama mmoja amepoteza jasho la mwaka mzima. Tena ng'ombe huyo si nyama tu. Ndiye mahari ya kijana, ndiye heshima ya familia siku ya msiba, na mara nyingi ndiye ada ya mtoto inayotembea kwa miguu minne.

Wanyakyusa hawakuanza jana kuthamini mifugo. Msafiri wa Scotland, Joseph Thomson, alipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879 alishangazwa na unadhifu wa vijiji vilivyojengwa katikati ya migomba. Baadaye, kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa wenyeji, na kitabu cha Monica Wilson kiitwacho Good Company, kilichotolewa mwaka 1951, kinaeleza jinsi wavulana walivyochunga pamoja ng'ombe wa baba zao kabla ya kwenda kujenga kijiji chao cha rika moja. Katika siku hizo ng'ombe walilala chini ya paa moja na watu. Mtu wa mjini anaweza kuicheka desturi hiyo, lakini ilikuwa na maana yake: ng'ombe aliposhikwa na uchungu usiku wa manane, palikuwa na mtu wa kumsikia, na palikuwa na vijana wenye nguvu wa kuamshwa.

Leo mambo yamegeuka. Tangu mwaka 1977, taifa lilipotekeleza elimu ya msingi kwa wote, mahali pa mtoto mchana ni darasani wala si malishoni, na hakuna mwenye busara atakayetaka turudi nyuma. Kijana naye akimaliza shule huenda Mbeya, Dar es Salaam au kwingineko kutafuta maisha, kama ulivyofanya wewe. Je, ng'ombe amebaki na nani? Mara nyingi amebaki na mama aliyetoka kupalilia mpunga, au na mzee ambaye magoti yake hayamruhusu tena kukimbilia zizini gizani. Mwenye mali yuko mjini. Mwenye kazi yuko kijijini. Hapo ndipo ndama wengi wanapopotea.

Tuanze na majira. Bonde la Kyela liko chini, yapata mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, likiwa limezungukwa na milima upande wa kaskazini na mashariki. Hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo huzidi kati ya Machi na Mei, wakati mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inapojaa na mara nyingine kufurika. Sasa fanya hesabu nami. Ng'ombe hubeba mimba kwa muda wa siku 280 hadi 285 hivi. Mpunga ukishavunwa, ng'ombe huachiwa mashamba wakala mabua na majani yaliyobaki, miili yao hunawiri, nao humtaka dume. Ng'ombe aliyepandwa tarehe 10 Julai atatazamiwa kuzaa karibu na tarehe 19 Aprili, yaani katikati ya masika, wakati ua umejaa maji na kuni zenyewe hazikauki. Ndama hushuka kutoka katika joto la tumbo la mama yake akaangukia tope.

Jambo hili si mkosi, wala halihitaji mganga. Linahitaji tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mahali ambapo methali hii inafaa kama katika uzazi wa mifugo. Siku ng'ombe alipopandwa iandikwe, hata kama ni kwa mkaa ukutani, nawe uambiwe siku hiyo hiyo. Ukiijua utajua pia siku ya kuacha kumkamua, yapata miezi miwili kabla ya kuzaa, ili nguvu zake ziende kwa mtoto aliye tumboni. Utajua wakati wa kutuma fedha ya pumba za mpunga na jiwe la chumvi. Na utajua lini sehemu moja ya banda iinuliwe kwa udongo, ipigwe paa lisilovuja na kutandikwa majani makavu.

Siku zinapokaribia, kiwele hujaa na misuli ya pande mbili za mkia hulegea. Ng'ombe hutafuta upweke, hulala na kuinuka. Ndama aliyekaa vizuri hutanguliza miguu miwili ya mbele, na pua ikiwa imelala juu ya miguu hiyo. Hapo kazi ya mwanadamu ni kukaa kimya na kutazama. Lakini mfuko wa maji ukipasuka na muda wa saa mbili ukapita bila maendeleo, au ukionekana mguu mmoja tu, au mkia badala ya pua, wakati wa kumwita bwana mifugo umefika. Kukusanya wanaume sita wavute kamba bila kujua ndama amekaaje ni kuhatarisha roho mbili kwa pamoja.

Ndama akishatoka, pua na mdomo visafishwe ili apumue, na mama yake aachwe amlambe. Kitovu kichovywe katika dawa ya aidini, kwa kuwa kitovu kibichi katika zizi lenye tope ni mlango uliofunguliwa maradhi. Kisha lifuate jambo kubwa kuliko yote, nalo ni dang'a. Maziwa haya mazito ya manjano wapo wanaoyadhani kuwa ni uchafu wakayamwaga, na wapo wanaoyapenda mno wakayapika na kuyala. Wote wawili wanamnyang'anya ndama uhai wake. Ndama huzaliwa akiwa hana kinga ya maradhi katika damu yake. Kinga hiyo imo ndani ya dang'a, na matumbo yake yanaweza kuipokea kwa muda wa siku moja tu tangu kuzaliwa, tena vizuri zaidi katika saa sita za mwanzo. Ndama mdogo wa kienyeji, mwenye uzito wa kilo 20 hivi, anahitaji kama lita 2 katika siku hiyo ya kwanza. Akishindwa kusimama, ashikiliwe mpaka kwenye chuchu. Akishindwa kunyonya, dang'a ikamuliwe na kunyweshwa kwa chupa safi.

Kondo la nyuma hutazamiwa kutoka lenyewe ndani ya saa 12. Likipitisha siku nzima lisivutwe kwa mikono, bali mtaalamu aitwe. Na hapa, ndugu msomaji, iko hatari inayowahusu watu wenyewe. Upo ugonjwa wa kutupa mimba unaowapata ng'ombe, na vimelea vyake humwingia binadamu kwa kugusa kondo na majimaji ya uzazi, na kwa kunywa maziwa mabichi. Humletea homa za kujirudia na maumivu ya viungo ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa malaria. Kwa hiyo mama anayemsaidia ng'ombe kuzaa avae glavu, kondo lizikwe mbali na mbwa, na maziwa yachemshwe. Jozi chache za glavu ni mzigo mdogo sana katika mfuko wa mtu anayekwenda likizo.

Baada ya hapo huja adui mwingine, ndigana kali. Ugonjwa huu huletwa na kupe, na huua ndama kwa wingi. Tezi zilizo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, na pumzi huwa nzito. Kupe waangaliwe kila siku, hasa masikioni, ndama aogeshwe kwa dawa kama atakavyoelekeza bwana mifugo, na familia iulize juu ya chanjo ya ugonjwa huu, maana ipo na imekwisha kutumiwa hapa nchini.

Mpaka hapa nimesema mambo ambayo mtaalamu yeyote angekueleza. Lipo moja ambalo huenda asikueleze, kwa sababu halimo katika dawa bali katika mapatano ya familia. Kuweka ng'ombe kwa ndugu ni desturi ya kale katika jamii nyingi za nchi yetu, na mara nyingi masharti yake ni haya: maziwa ni ya mlezi, ndama ni wa mwenye mali. Yanasikika kuwa ya haki. Lakini hebu yatazame kwa jicho la ndama. Ng'ombe wa kienyeji hutoa maziwa machache. Kila kikombe kinachoingia katika sufuria kimetoka katika kinywa cha ndama, na anayekamua hana sehemu yoyote katika ndama huyo. Mama mwenye wajukuu wanne wanaotaka uji wa maziwa asubuhi atafanya nini? Si mwizi, wala si mkatili. Mapatano ndiyo yaliyomweka baina ya mjukuu na ndama, na ndama si wa kwake.

Tena hasara huwarudia wote. Ng'ombe wa kienyeji amezoea kushusha maziwa ndama akiwa ubavuni, na ndama akifa maziwa nayo hukauka upesi. Mwenye mali anakosa ndama, mlezi anakosa maziwa, na simu ya jioni inakuwa ya lawama.

Yafaa basi mapatano yabadilishwe kabla ng'ombe hajazaa. Kwanza, mlezi awe na haki katika ndama. Familia nyingine hukubaliana kwamba kila ndama wa tatu ni wake, nyingine humpa jike wa kwanza. Mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, uliosambaa katika mikoa kadhaa ya Tanzania, umejengwa juu ya wazo lililo karibu na hilo: anayelea anapata mali yake mwenyewe, na deni linalipwa kwa ndama. Pili, mwezi wa kwanza chuchu mbili ziwe za ndama, zisiguswe na mtu. Kama wajukuu watapungukiwa, wewe uliye kazini utume fedha ya maziwa yao, maana ni wanao au wana wa ndugu yako. Tatu, mlezi awe na amri ya kumwita bwana mifugo bila kukuuliza kwanza, na fedha ya kazi hiyo ikae mikononi mwake tangu mwezi wa nane wa mimba. Mkono mtupu haulambwi, na mkono mtupu haumwiti daktari usiku wa mvua.

Wapo watakaosema kwamba kumpa mama au mjomba ndama wa tatu ni kupunguza mali. La hasha. Ndama wawili walio hai ni wengi kuliko watatu waliozikwa nyuma ya migomba. Na hata kama hesabu hiyo isingekuwapo, ingebaki haki. Anayeamka usiku, anayechukua majani kichwani na kuingia topeni akiwa na kibatari mkononi, si mtumishi wa mali ya mtoto wake, bali ni mshirika.

Kwa Kinyakyusa husemwa mbombo ngafu, yaani kazi ni ngumu. Neno hilo tumezoea kulitaja mjini kwa mzaha tunaposalimiana. Jioni ya leo piga simu nyumbani, na badala ya kuuliza ng'ombe ni wangapi, uliza huyu mwenye mimba alipandwa lini, paa la banda linavuja wapi, na nani atakesha naye. Ukishajibiwa, sema ndaga, asante, kisha tuma kinachohitajika kabla mvua za Machi hazijaanza.