Watoto hawaruhusiwi, na aliyeandika ni mimi

Wadau, kwanza mnisamehe kwa kupotea. UE ilinibana kweli kweli, na mnaonijua mnajua sikuwa na mpango wa kuonana na sup mwaka huu. Zimeisha jana. Leo nimeamka saa 4, nikanywa chai ya rangi, nikasema angalau nifagie chumba. Chini ya kitanda cha mwenzangu nikaokota kadi ya harusi, nzuri, ina utepe wa dhahabu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi: "Tafadhali, watoto hawaruhusiwi."

Nikakaa kitandani na ufagio wangu mkononi. Maana maneno hayo hayo nilishawahi kuyaandika mimi, kwa vidole vyangu, kwenye laptopu hii hii ninayoandikia sasa.

Ilikuwa mwaka juzi, harusi ya kaka. Mnajua kamati zetu zilivyo. Kila Jumapili jioni mnakutana baa, mnaanza na dua, mnamaliza na bili. Mimi nilipewa ukatibu kwa sababu moja tu, kwamba ni mwanafunzi, kwa hiyo (kwa akili zao) sina kazi. Nilishika daftari la ahadi, nikawa natuma meseji za kukumbusha michango mpaka watu wakaanza kunikwepa. Ukumbi wa watu 250, sahani moja 30,000. Bajeti haikutosha. Nani apunguzwe? Mjomba wa bibi harusi haguswi. Bosi wa kaka haguswi. Mwenyekiti akauliza watoto wa ukoo wako wangapi, nikahesabu wa upande wetu tu: 15. Wanne walikuwa wa kushika maua, hao wanahitajika kwenye picha. Wakabaki 11. Zidisha mwenyewe: 330,000. Nikasema, "Mwenyekiti, tuandike tu kwenye kadi watoto hawaruhusiwi." Nikapigiwa makofi! Nilijiona mchumi.

Sasa dada yetu, anayemfuata kaka kwa kuzaliwa, alikuwa na mtoto wa miezi 5. Ananyonya, hataki chupa. Na huyo dada ndiye aliyechangia kuliko mtu yeyote kwenye daftari langu, laki 5 taslimu, kabla hata sijamtumia meseji.

Siku yenyewe akaja na mtoto mgongoni, kanga juu ya gauni la sare. Mlangoni baunsa akamwonyesha kadi: mama, maelekezo ni haya. Akanipigia simu. Mimi nilikuwa jikoni nahangaika na ndafu, maana mbuzi mzima wa kuchoma kwenye harusi ya Wachaga si mchezo, akichelewa huyo utasikia maneno hadi Krismasi. Muziki unanguruma. Nilipokuja kuangalia simu nikakuta kapiga mara 7. Nikatoka mbio. Nilimkuta pakingi, kakalia kiti cha plastiki alichoazimwa na mlinzi, ananyonyesha gizani huku anapunga mbu kwa ncha ya kanga. Akaniambia, "Rudi ndani mdogo wangu, una kazi." Hakugomba. Afadhali angegomba.

Ningemwingiza, ndiyo, na baunsa angenisikiliza. Lakini nilimwambia ngoja niongee na mwenyekiti, nikaingia ndani, nikavamiwa na habari za vinywaji kupungua, nikasahau. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuisimulia. MC akafika kwenye keki, akaita ndugu wa bwana harusi waje kulishwa mmoja mmoja, akamwita dada. Kimya. Akamwita tena. Kimya. Akasema, "Huyu naona kashalala," ukumbi mzima ukacheka. Dada alikuwa ameshachukua bajaji kurudi nyumbani.

Kwa shangazi kule Kimara nako, wale 11 walikuwa wameachiwa dada wa kazi mmoja. Binti wa miaka 19, watoto 11! Na watoto waliambiwa leo ni harusi, basi wakafanya ya kwao. Neti ya kitanda cha shangazi ilikatwa kwa mkasi ikawa shela. Chapati zilipangwa zikawa keki. Bwana harusi wao, wa miaka 4, akaingiza punje ya mahindi puani, sijui ndiyo ilikuwa ndafu yake. Saa 5 usiku shangazi anatolewa ukumbini na viatu mkononi, teksi hadi Kimara, kutoka Kimara hospitali. Punje ilitoka, mtoto mzima. Ila ile 330,000 yangu ya kuokoa, ukitoa teksi, daktari na neti mpya, msiniulize ilibaki ngapi.

Msidhani nasema watoto ni malaika. Nimeona harusi ambapo katoto kalizamisha mkono kwenye keki mpaka kiwiko. Nimeona mshika maua akikaa chini katikati ya kanisa na kukataa kusonga, akidai soksi inamwasha. Na mtoto kulala kwenye viti viwili vilivyounganishwa, mita tano kutoka kwenye spika, saa 6 usiku, hilo nalo si jambo la kujivunia. Wanaoandika kadi zile wana hoja, siwabezi.

Lakini tuambiane ukweli. Kadi inasema saa 12 jioni. Maharusi wanaingia saa 3, zawadi zinapita kwanza, chakula kinafika saa 4 na nusu. Mtoto gani asilie? Hata mimi nimeshawahi kukaribia kulia! Tunachelewa sisi, halafu tunamfungia mlango yeye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlazimisha mwajiri ampe mama anayenyonyesha muda usiozidi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Yaani dada kazini kwake ana haki ambayo kwenye harusi ya kaka yake wa tumbo moja hakuipata.

Na bibi je? Alipanda basi Moshi alfajiri, akashuka Mbezi Luis jioni miguu imevimba, kuja kuona mjukuu anaoa na kuwashika vitukuu. Ukumbini akazungusha macho, akaniuliza, "Watoto wako wapi?" Nikasema wamelala. Bibi hakuongea tena hadi mwisho wa sherehe.

Desemba tulipanda nyumbani kama kawaida. Huko hakuna kadi. Watoto zaidi ya 20 chini ya migomba, magoti yana vumbi, mmoja kadumbukia kwenye beseni la maji ya kuoshea vyombo, mwingine kafungulia kuku. Mbuzi akichinjwa wanasogea wote kutazama, na hapo ndipo wanapojua yupi ni baba mkubwa na yupi ni baba mdogo, nani anakula nini na kwa nini. Dada hakuja. Alisema mtoto ana mafua. Mwaka uliofuata akasema nauli. Mtoto wake sasa anatembea na kuongea, na watoto wa kaka hawamjui hata kwa sura. Bibi aliniuliza jikoni, taratibu, "Yale maneno ya kwenye kadi, nani aliandika?" Nikajibu, "Kamati, bibi."

Basi jana usiku, mtihani wa mwisho umeisha, nikampigia dada nikamwambia ni mimi. Alikaa kimya muda mrefu, nikamsikia mtoto nyuma anaimba matangazo ya redio. Akasema, "Nilijua. Katibu si ulikuwa wewe?" Halafu akaniuliza kama nimekula.

Mtoto wa shangazi anaoa mwezi wa 8 na nimepewa ukatibu tena (si mwanafunzi bado?). Jumapili iliyopita nilisimama, nikaomba meza mbili za watoto karibu na mlango, wao wale saa 1 jioni maharusi wasisubiriwe, na kile chumba cha kubadilishia nguo kiwekewe viti kwa ajili ya wanaonyonyesha. Mwenyekiti akacheka, akasema wazo zuri, hela ya sahani 12 ataitoa nani? Nimeandika ahadi yangu kwenye daftari: sahani mbili, bumu likiingia.