Kila Kilio, Mungu Amepanga

Hapa Kibombo hakuna anayejua garimoshi la kutoka Kindu litafika lini, lakini kila kilio tunaambiwa kuwa siku ya marehemu ilikwisha kuandikwa. Tunakaa chini ya bashi, mvua inatuvujia mgongoni, sombe iko motoni, daftari la michango linapita mkono kwa mkono: huyu faranga elfu mbili, huyu sabuni, huyu kilo ya mchele. Kisha mhubiri anasimama. Wapendwa, Mungu amepanga. Tunaitikia amina, maana kilioni watu hawabishani.

Njiani kurudi nyumbani ndipo tunanung'unika. Mama tuliyemzika juzi alishikwa na uchungu usiku. Vijana wanne wakambeba kwa kipoyi hadi kwenye daraja la magogo. Magogo mawili yameoza tangu mvua za mwaka jana, sote tunayajua, sote tunayaruka. Wakashuka mtoni, maji kiunoni, kipoyi juu ya vichwa, wakipapasa mawe kwa nyayo. Wakafika hospitalini alfajiri. Damu ya kumwongezea haikuwapo. Mtoto yu hai, ananyonyeshwa na shangazi yake.

Sasa hapo Mungu alipanga nini? Magogo yaoze?

Na hayo ya kila kifo kuandikwa si mafundisho tuliyoletewa. Wamethodisti walioanza Wembo Nyama mwaka 1914, kwa ndugu zetu Watetela, na ambao leo wana askofu wao Kindu, ni watoto wa John Wesley, aliyepinga waziwazi fundisho la Calvin kuwa wengine wameandikiwa kupotea kabla hawajazaliwa. Wakatoliki nao hufundishwa kuwa Mungu huruhusu uovu, hautendi. Padri mmoja Mhispania, Luis de Molina, alichapisha kitabu kizima mwaka 1588 kueleza jinsi Mungu anavyojua atakachochagua kila mtu, na mtu akabaki huru. Sisi wa huku tungelisema kwa ufupi: tunajua mvua zikizidi Lualaba itafurika, lakini si kujua kwetu kunakoijaza.

Hata Yesu, alipotajiwa habari za maafa, aliwataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kuwa walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Na rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno. Walipoanza kumweleza sababu za msiba wake ndipo wakaharibu, hata Mungu akawakasirikia. Siku saba za kimya namna hiyo zingetutosha sana kwenye vilio vyetu.

Bibi wa marehemu ameshika neno hilo la Mungu amepanga kama mkongojo, na hakuna wa kumnyang'anya. Mzee akizika mjukuu lazima aegemee kitu. Lakini aliyepaswa kutengeneza daraja naye ameegemea hapohapo, na aliyepaswa kuleta damu, na sisi wenyewe tuliopita pale mwaka mzima tukiruka. Neno moja limetusamehe wote, na hakuna hata mmoja aliyetubu.

Jumamosi hii ni salongo, kazi ya wote, darajani. Miti imeshachaguliwa, imebaki kukatwa na kuburutwa. Wahubiri nao waje, na kila mmoja aje na panga lake.