Makaa Yapimwe kwa Mizani, Si kwa Mkebe

Najua katika toleo hili wengi wataandika juu ya mihadarati, umuhimu wa elimu na uzuri wa lugha yetu. Mimi nimechagua makaa. Tafadhali msicheke. Hapa kwetu Ziwani ni nyumba chache mno zisizo na jiko la makaa nyuma ya mlango, hata zile zenye mtungi wa gesi. Gesi ni ya chai na mayai. Githeri na maharagwe yaliyokataa kuiva ni kazi ya makaa, na ifikapo mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi inapotuuma mpaka kwenye mifupa, jiko hilo hilo ndilo hutupasha joto.

Basi kitu tunachokitegemea namna hii twakinunua vipi? Kwa mkebe wa rangi! Maoni yangu ni kwamba mkebe unamdhulumu mnunuzi, hasa yule asiye na pesa za gunia, na kwamba makaa yafaa kuuzwa kwa kilo kama vile sukari na nyama zinavyouzwa.

Mkebe hupima nafasi, haupimi makaa. Makaa ya mgunga na miti mingine migumu ni mazito, yameshikana. Ya miti laini inayokua haraka ni mepesi kama kizibo, na hujaza mkebe upesi. Muhula uliopita nilinunua mikebe miwili ya lita nne katika vibanda viwili tofauti, kwa bei ile ile, nikaomba ruhusa ya mwalimu wa fizikia niipime katika maabara. Mkebe wa kwanza ulikuwa na kilo 1.2. Wa pili ulikuwa na gramu 850. Ukitazama kwa macho tu, yote miwili ilijaa mpaka juu na kilemba chake.

Sasa hebu tufanye hesabu kidogo, wale wa fizikia mtanisamehe nikikosa kuandika fomula. Kilo moja ya makaa makavu ina nishati ya takriban megajuli 30, na tofauti kati ya mti na mti si kubwa ukishapima kwa uzito. Kwa hiyo upungufu wa gramu 350 ni kama megajuli 10. Hata tukisema jiko letu hupoteza theluthi mbili ya joto hilo, kilichobaki chaweza kuchemsha karibu lita 10 za maji. Hiyo ni ndoo ya kuoga ya watoto wawili, imepotea hewani na pesa umelipa.

Isitoshe, kuna mikebe iliyobonyezwa chini ikaingia ndani, na kuna ufundi wa kupanga vipande vikubwa vikisimama wima ili nafasi tupu ibaki katikati. Ufundi huo ni wa hali ya juu kweli, angalikuwa mwanafunzi angepita mtihani wa uchoraji.

Kabla mizani haijafika, mnunuzi aweza kujitetea. Kwanza ashike kipande mkononi. Makaa mazuri ni mazito kuliko yanavyoonekana, na ukiyavunja, pale yalipovunjika hung'aa. Halafu gonganisha vipande viwili. Mazuri hulia ting! kama vigae vya chungu, mabaya hutoa sauti ya kufa kama mbao mbovu. Tazama rangi pia. Kipande chenye kahawia ndani ni kuni ambayo haikuiva tanurini, nacho ndicho kitakachokutoa machozi kwa moshi hadi jirani aulize kama kuna msiba. Usikubali mkebe uliochotwa kutoka chini ya gunia, maana huko ni vumbi na vijiwe, na vumbi huziba matundu ya jiko, moto ukakosa hewa. Mwisho gusa uone kama ni makavu. Ukitaka kuona watu wanaojua kuchagua, nenda soko la Kariokor kwa wachoma nyama. Mtu mwenye wateja kumi wanaosubiri mbavu hanunui makaa yanayogeuka majivu kabla mafuta hayajaanza kudondoka.

Wengine watasema, "Lakini ukiuza kwa kilo, muuzaji atayamwagia maji yawe mazito." Hoja hii ni nzito na sitaki kuiruka. Ni kweli makaa hunywa maji, na hata bila ya kumwagiwa, wakati wa masika huvuta unyevu hewani. Kilo moja yenye gramu 200 za maji ni hasara mara mbili: umelipia maji, kisha moto wako unapoteza joto kuyakausha. Lakini udanganyifu wa maji huonekana. Makaa mabichi ni baridi ukiyashika, vumbi lake hukwama vidoleni kama tope, na ukiyawasha hupasuka pasuka na kurusha cheche. Udanganyifu wa mkebe hauonekani. Ndiyo maana napendekeza mkebe usitupwe. Ujazwe vile vile, kisha uwekwe juu ya mizani. Mkebe mkavu mzito ni wa mti mgumu, mkebe mwepesi ulipiwe bei nyepesi.

Huko Ulaya, katika nchi kama Austria na Ujerumani, watu wengi hupasha nyumba zao joto kwa vibonge vidogo vya vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa mashine. Kuna daraja la ubora liitwalo ENplus A1. Kibonge cha daraja hilo kina upana wa milimita 6 au 8, unyevu usizidi asilimia 10, na majivu yasizidi asilimia 0.7. Alama ya daraja imepigwa juu ya mfuko, na uzito pia. Mzee wa huko hahitaji kugonganisha kitu wala kubishana na mtu. Sisemi sisi tuige kila kitu cha Wazungu, lakini kwa nini mtu anayenunua vumbi la mbao aheshimiwe kuliko mama yangu anayenunua makaa ya mgunga?

Sitaki mtu afikirie nawachukia wauza makaa. Wao wenyewe huuziwa kwa gunia, na gunia nalo halina uzito maalum. Muuzaji akiambiwa haya ni ya mgunga, anaamini tu. Kanuni za makaa za mwaka wa 2009 zilitaka lori libebe kibali na hati ya kuonyesha makaa yalikotoka, lakini hati hiyo haifiki kibandani. Na makaa yanapoadimika, kila kitu hupita. Mwaka wa 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, na mwaka huo huo kaunti ya Kitui ikazuia makaa yake kutoka. Marufuku ya misitu yalilegezwa mwaka wa 2023. Siku za uhaba mnunuzi hana sauti, huchukua anachopewa. Kuna hata makaa ya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Baringo na kwingineko kuzuia jangwa, ukaenea mpaka ukawa adui wa wafugaji. Makaa yake ni mazito na mazuri, na kuukata si hasara kwa msitu. Laiti ningeweza kuyaomba kwa jina nikiwa na hakika kwamba ndiyo niliyopewa!

Nimefika kwenye jambo linaloniogopesha. Watu husema makaa mazuri hayana moshi, kwa hiyo unaweza kulala nayo ndani. Ati mabaya ndiyo yanayoua. Huo ni uongo, tena uongo mbaya. Makaa yote yanapowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na aliyelala haamki kukohoa, kwa sababu hakuna cha kumkohoza. Waama makaa mazuri yana hatari yake ya pekee, maana yale mabaya angalau yatakufukuza nje kwa moshi. Nyumba zetu za Ziwani zilijengwa zamani za ukoloni na vyumba vyake ni vidogo. Wakati wa Julai tunaziba dirisha kwa gazeti na nguo chini ya mlango. Washa jiko nje mpaka makaa yashike vizuri, liingize ndani dirisha likiwa wazi, na wakati wa kulala litoe nje, hata kama bado ni jekundu na roho inakuuma kulipoteza joto hilo. Unaweza kulizima kwa kufunika na kuyatumia makaa yaliyobaki kesho yake.

Tukirudi kwa mizani, sheria ipo tayari. Kenya ina Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na kaunti zina wakaguzi wanaopiga muhuri mizani za maduka. Wakulima wa viazi walilia miaka mingi kwa sababu ya lumbesa, yale magunia yanayoongezewa kichwa, na mwaka wa 2019 kanuni zikaweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia la viazi. Ikiwa kiazi kimepimiwa, makaa yanayokipika yamekosa nini? Mizani ya kuning'iniza si ghali kama runinga. Vibanda vitano vikichangishana vyaweza kununua moja.

Nilimweleza mama mmoja anayeuza makaa karibu na kwetu. Alinisikiliza huku akipanga mikebe yake, akaniambia, "Kijana wangu, mimi nikipima peke yangu na yule wa ng'ambo ya barabara hapimi, wateja wataona mkebe wangu ni mdogo, watahama." Nikamuuliza, je, na akipima pia? Akacheka, akasema basi yeye ndiye atakayefurahi zaidi, kwa kuwa makaa yake ni ya mti mgumu na hakuna anayemlipa kwa hilo.