Hoteli za Udongo za Kakuma Zitunzwe

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa 1992. Hoteli za Wahabeshi zilipochipuka humo, zilisimamishwa kwa udongo na mabati, kwani mkimbizi alitarajiwa kuondoka, si kujenga nyumba ya kudumu. Ndani mna kivuli, injera na buni inayokaangwa mbele ya mgeni. Kwa jua la Turkana, huo ni ujenzi wenye akili.

Ati bado ni changa? Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa kumbukumbu ya taifa. Wala makao ya muda si kikwazo: nyumba ya Maralal, alikozuiliwa Jomo Kenyatta alipotolewa Lodwar 1961, tayari inalindwa.

Kaunti ya Turkana ianze kwa kupima na kuchora hoteli mbili tatu, kabla mafuriko ya mto Tarach hayajazisomba.