Diploma ya informatiki iko mkononi, kazi iko wapi?

Ukipita Birere asubuhi, utaona meza ndogo ndogo kando ya barabara: telefone zimefunguliwa, bisibisi zimepangwa, kijana ameinamisha kichwa. Watu wanamwita fundi tu. Lakini umuulize vizuri, pengine atakuambia iko na lisansi ya informatiki.

Mtoto wa dada yangu ni mmoja wao. Alimaliza masomo mwaka 2023, akafanya staji miezi 11 katika kampuni moja ya hapa mjini. Alivuta nyaya za mtandao, akatengeneza mashini za biro nzima. Malipo yake yalikuwa pesa ya moto, tena si kila juma. Siku moja wakamwambia nafasi haipo. Juma lililofuata, mwanastaji mwingine alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile.

«Mujomba,» akaniuliza, «kila siku bananiambia nivumilie. Sasa kuvumilia njo kazi?»

Sisi watu wa migodi tunalijua swali hilo. Coltan ya Rubaya, kule Masisi, ndiyo inatoa tantali inayotumika ndani ya telefone na ordinateri za dunia nzima. Jiwe linaondoka kwetu kwa bei ya chini, linarudi Birere likiwa telefone ya bei kali. Na mtoto aliyesoma namna mashini hiyo inavyofanya kazi, anabaki kubadilisha vioo vyake.

Tusiseme vijana hawajui kitu. Kinachokosekana ni mlango wa kwanza. Goma, mwenye informatiki alikuwa anatafuta kazi kwenye banki, mashirika ya misaada au kampuni za telefone. Mwisho wa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa M23, banki zikafunga milango, uwanja wa ndege pia ukafungwa. Mwaka huo huo Marekani ilikata misaada ya USAID, na mashirika yakapunguza wafanyakazi. Hivi mtu wa miaka kumi ya uzoefu anagombania nafasi moja na yule aliyetoka ISIG jana. Njo maana kila tangazo linaomba uzoefu wa miaka mitatu. Mwanzaji ataupata wapi, kama hakuna anayemwanzisha?

Wengine wanasema: mufanye kazi za mbali, kwenye intaneti. Ni njia, sikatai. Lakini inataka umeme usiokatika, na pahali pa kupokelea malipo. Tena tuangalie Nairobi. Huko vijana walisoma na kupanga maandishi mabaya ili kufundisha akili bandia, wakalipwa chini ya dola 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo, waliokuwa wanachuja machafu ya mitandao, walikutana wakaamua kuunda sendika yao. Ni kusema kukaa mbele ya mashini hakumkingi mtu na unyonyaji.

Hapa kwetu sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema majaribio ya kazi yaandikwe, na yasipite miezi 6. Kwa kibarua asiye na ufundi, ni mwezi 1. Mwajiri akipitisha muda huo, kontra inahesabiwa kuwa imethibitishwa. Mapatroni wanajua hilo vizuri, kwa hiyo hawaandiki «majaribio», wanasema «staji». Na mara nyingi hawaandiki kitu.

Kwa hiyo, vijana wetu, mbele ya kuanza staji muombe karatasi: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kazi gani, pesa ya usafiri ngapi. Mukimaliza, muombe cheti kinachosema mulifanya nini. Patroni akikataa kuandika, mujue mapema ni kazi ya bure.

La pili, musitembee mmoja mmoja. Sheria ya migodi ya 2018 inamtaka mchimbaji mdogo awe ndani ya koperative. Koperative zetu ziko na makosa yake, nimeyapigania, lakini mtu peke yake bei anapangiwa. Vijana wanne wanaweza kununua betri moja na kulipia intaneti moja. Na kazi iko karibu: wafanyabiashara wengi wa Birere bado wanaandika stoki na madeni ndani ya kaye. Moto ukipita, na Birere tunaujua moto, hesabu yote inaungua pamoja na duka.

Wazazi nao wasinunue nafasi. Anayeuza kazi leo, kesho ataiuza kwa mwingine.

Mtoto wa dada yangu na wenzake wawili walimtengenezea mama mmoja muuza vitenge programu ya stoki. Hakuwalipa nyingi, lakini aliwaandikia barua, akatia sahihi na mhuri wa duka. Barua hiyo ameiweka ndani ya plastiki, pamoja na diploma.