Mkataba wao, mabega yetu

Wapo waandishi wenzetu, wengine masela wangu kabisa wa kijiweni, ukiwagusia Vita vya Kwanza vya Dunia wanakukata kauli: "Achana na hayo bwana, ugomvi wa Wazungu wenyewe kwa wenyewe." Kisha wanarudi kwenye hadithi zao za mapenzi ya chuoni. Mimi nasema huo ni uvivu.

Hebu tuanze na karatasi. Mwaka 1839 mataifa makubwa ya Ulaya yalitia sahihi London kwamba Ubelgiji isiguswe. Mjerumani alipoigusa, Mwingereza akaingia vitani tarehe 4 Agosti 1914, upande mmoja na Mfaransa na Mrusi. Tarehe 8 manowari yake ikaipiga Dar es Salaam mizinga. Siku nne tu! Na ilikuwapo karatasi nyingine, ya Berlin, ya 1885, iliyoacha nafasi kwa makoloni ya ukanda wetu kubaki nje ya vita vya wakubwa. Ya kumlinda Mbelgiji ikaheshimiwa. Yetu ikafungiwa maandazi.

Aliyelipa ni nani? Panda basi la Lindi, vuka daraja la Mkapa, shuka Nyamwage, njia panda ya Utete. Uko Rufiji. Kule deltani ndiko ilikojificha Königsberg, meli ya Mjerumani iliyoizamisha Pegasus ya Mwingereza bandarini Zanzibar Septemba 1914, mpaka ilipomalizwa Julai 1915. Mizinga yake kumi ikaopolewa ikapigane nchi kavu. Watu wanaisimulia meli hiyo kama sinema, lakini hawaulizi: mzinga hauna miguu, sasa ulifikaje bara?

Mwanzoni mwa 1917 vita vikafika mtoni. Mwingereza kaleta Wahindi na Wanaijeria. Mjerumani ana askari wake weusi. Mvua ikanyesha, mto ukafurika, na jeshi la Lettow-Vorbeck likala mahindi ya wenyeji. Askari wa Kongo, chini ya Mbelgiji, walikuwa wameshaingia Tabora Septemba 1916, na Mreno, rafiki wa Mwingereza tangu karne ya 14, alikuwa akihangaika na mto Ruvuma. Mtu wa Kongo na mtu wa Tabora wanatoana roho kwa sahihi ya London!

Na hao walikuwa na bunduki. Wapagazi je? Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa wanakisiwa kufika 95,000 au zaidi, wengi kwa maradhi na njaa, si risasi. Wewe unayenunua viatu Kariakoo unawataja kila siku bila kujua: ni Carrier Corps hiyo, imepita kwenye ulimi wetu. Pale kwenye sanamu ya mwaka 1927, katikati ya jiji, aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi katajwa kwenye maandishi ya chini. Mwindaji Frederick Selous alipigwa risasi Beho Beho Januari 1917, na mwaka 1922 akapewa pori zima. Sehemu kubwa ya pori hilo tangu 2019 inaitwa Hifadhi ya Nyerere. Haya, hapo tumejitahidi.

Mwaka 1919 marafiki wakagawana: Mbelgiji Ruanda-Urundi, Mreno pembe ya Kionga, Mwingereza Tanganyika. Mpagazi hakuitwa mezani.

Mtaniambia Majimaji tumeiandika. Ndiyo, tena vizuri. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969. Lakini Majimaji watu waliinuka wenyewe, ina shujaa, inapendeza jukwaani. Huyu mwingine alikamatwa shambani kwake, akatwishwa mzigo wa jeshi asilolijua, akafia njiani kwa kuhara. Hana kauli ya kishujaa ya kutamka pazia linapofungwa. Ndiyo maana mnamkimbia, jamani, mkasingizia Wazungu. Nataka kusoma hadithi yake: alibeba nini, alikula nini, mkewe aliambiwa na nani.