Bunduki ya rangi: mwendo upimwe mbele ya mchezo

Juma hili tunaacha kidogo habari za daftari na masomo ya nyumbani. Baadhi yenu mna watoto na wajukuu waliotoka katika kambi za wakimbizi wakahamishiwa Marekani na Kanada, nanyi mmetuonyesha picha zinazofika kwenye simu: kijana amefunikwa uso mzima, mkononi ana kitu kama bunduki, nguo zimejaa madoa ya njano na bluu. Mama aliyekimbia kijiji chake kwa sababu ya bunduki hawezi kuipenda picha hiyo, na hatumlaumu. Lakini kumwandikia mtoto “acha hiyo” bila kujua anafanya nini hakumlindi. Afadhali tujue la kuuliza.

Mchezo wenyewe unaitwa pentiboli. Ulianza Marekani, jimbo la New Hampshire, mwaka 1981. Watu 12 waliingia porini kushindania bendera, wakiwa na kifaa ambacho kilitengenezwa kwa kutia rangi miti na ng'ombe. Aliyeshinda siku ile, mtu wa misitu, hakufyatua hata mara moja, na sisi tunapenda kuwakumbusha vijana jambo hilo.

Ndani ya bunduki hiyo hakuna baruti. Kinachosukuma ni hewa iliyoshindiliwa katika chupa ya chuma, au gesi ya kaboni. Kinachotoka ni kidonge cha rangi chenye ganda laini kama lile la dawa za vidonge vya mafuta, uzito wake karibu gramu 3. Kikigonga mwili kinapasuka na kuacha doa. Ni kitu chepesi, lakini kinakwenda mbio sana. Viwanja vingi vya nje haviruhusu kupita futi 300 kwa sekunde, ndiyo mita 91, na vingi vinashusha hadi 280, karibu mita 85. Hata hiyo ya chini ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Ndani ya nyumba, ambapo watu wanakaribiana, kipimo kinashushwa zaidi. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo sababu kuzidisha kidogo tu kunatosha kugeuza maumivu ya mchezo kuwa jeraha.

Basi mbele ya mchezo kila bunduki inapimwa kwa mashine inayoitwa kronografu. Mchezaji anaelekeza bunduki mahali palipotengwa, anafyatua vidonge kadhaa, na mashine inaandika mwendo wa kila kimoja. Kidonge kimoja hakitoshi, kwa kuwa namba zinapanda na kushuka. Inayohesabiwa ni ile ya juu kabisa. Ikipita kipimo, bunduki inarekebishwa kwa kugeuza skrubu yake kidogo kidogo, kisha inapimwa upya. Namna ya kugeuza inatofautiana kwa kila aina, kwa hiyo kijana asiguse kwa kubahatisha: asome kitabu cha bunduki yake au amwachie mtu wa uwanja. Watu wote walio hapo, hata wanaotazama tu, wanakuwa wamevaa kinga ya uso tayari.

Kuna jambo ambalo vijana wanasahau. Gesi ya kaboni ikipata joto, mgandamizo wake unapanda. Bunduki iliyopimwa asubuhi ya baridi ikawa sawa, inaweza kuvuka kipimo jua la saa saba likiwaka. Kubadilisha aina ya vidonge au chupa pia kunaweza kubadilisha mwendo. Kila mara hizo inabidi kupima tena, na mtu asione haya kusimamisha wenzake kwa ajili hiyo.

Hata mwendo ukiwa sawa kabisa, jicho halina nafasi. Kidonge kinaweza kulipofusha. Miwani ya jua haifai, wala ile ya kusomea. Kinachotakiwa ni kinga iliyotengenezwa kwa mchezo huu, inayofunika macho, uso na masikio. Ukungu ukiingia ndani yake, mchezaji anatoka kwanza uwanjani ndipo aivue. Haiinui hata kidogo akiwa ndani.

Wale mnaoandikiana na wazazi walio huko, ulizeni hivi: Nani anapima bunduki, na anapima tena saa ngapi? Kipimo cha uwanja ni ngapi? Kwa watoto wadogo, kuna bunduki zile za vidonge vidogo zenye nguvu ndogo? Mzazi akijibiwa kwamba hakuna kronografu, au kwamba vijana wanachezea nyuma ya nyumba bila msimamizi, siku hiyo mtoto abaki nyumbani. Na mchezo ukiisha, mdomo wa kila bunduki ufunikwe kwa kifuko chake kabla mtu yeyote hajavua kinga.